Ukurutu wa ng'ombe: kwa nini umerudi baada ya sindano

Swali: Nafuga ng'ombe watano chotara wa maziwa ndani ya banda, mkoani Njombe. Wakubwa ni watatu: wawili wanakamuliwa, mmoja amekaushwa na ana mimba ya miezi saba. Wengine ni mtamba na dume dogo. Mwezi Juni mmoja wa wanaokamuliwa alianza kujisugua kwenye shina la mkia, kisha upele ukashuka nyuma ya kiwele. Sasa mtamba na dume nao wana magamba usoni na shingoni, ngozi imekuwa nene na ina mikunjo. Dukani waliniuzia ivermectin, tukamchoma yule wa kwanza tu, cc 5. Alipata nafuu kama wiki mbili, halafu upele ukarudi. Kila wiki napulizia dawa ya kupe ya kundi la pairethroidi lakini haisaidii. Jirani ananishauri nipake oili chafu. Kijana anayekamua naye ana vipele vinavyowasha mikononi. Nifanyeje?

Jibu: Dawa uliyochoma si mbaya. Ilikuwa pungufu, ikachomwa kwa ng'ombe mmoja wakati watano wanaishi banda moja, na huenda pale mkiani ilikutana na mdudu ambaye sindano haimfikii vizuri. Tena ng'ombe yule anakamuliwa, kwa hiyo sindano hiyo haikumfaa tangu mwanzo.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Ukurutu wa ng'ombe huletwa na utitiri, viumbe wenye miguu minane ambao wengi wao huwezi kuwaona kwa macho. Kwa ng'ombe wapo wa aina nne, na mahali upele ulipoanzia ni dalili nzuri ya kumtambua mhusika.

Sarcoptes huchimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Hupenda uso, shingo, mabega, sehemu ya ndani ya mapaja na shina la mkia. Huwasha kuliko wote: ng'ombe huacha kula ili ajikune, hujisugua kwenye nguzo mpaka damu itoke, na baada ya wiki kadhaa ngozi hunenepa na kujikunja. Ndiyo hali ya mtamba na dume wako. Vipele vya mkamuaji vinaelekea huko huko, kwa sababu huyu ndiye anayemsumbua mtu anayegusana na ng'ombe kila siku.

Chorioptes hachimbi. Hukaa juu ya ngozi na kula magamba yaliyokufa. Makao yake ni shina la mkia, sehemu ya nyuma kati ya mkia na kiwele, kiwele chenyewe na miguu ya nyuma kuanzia kwato kwenda juu. Huwapata sana ng'ombe wa maziwa wanaofungiwa ndani, huongezeka msimu wa baridi na kupungua wenyewe jua likirudi. Ng'ombe wako wa kwanza amefuata njia hii hatua kwa hatua, ingawa Sarcoptes naye hufika mkiani. Si ajabu kuwa na aina mbili katika banda moja.

Psoroptes naye hukaa juu ya ngozi, lakini huitoboa na kunyonya majimaji. Huanzia mabegani na mgongoni, na huacha maganda mazito ya manjano yenye unyevu. Huko Ubelgiji amewatesa sana ng'ombe wa aina ya Belgian Blue. Kwa maelezo yako simwoni hapa.

Wa nne, Demodex, ni jambo tofauti kabisa. Huishi ndani ya vishimo vya nywele, hutoa vinundu vya ukubwa wa punje ya mbaazi mabegani na shingoni, na haviwashi. Ukikibinya hutoka kitu cheupe kama jibini kilichojaa wadudu. Ndama huambukizwa na mama yake anaponyonya. Hasara yake kubwa ni kwa ngozi inayokwenda kiwandani, kwani hubaki na matundu. Mnyama akiwa na afya, sishauri kutumia fedha kumtibu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha huu ni ukurutu kweli, maana magonjwa manne hufananishwa nao na dawa zake ni tofauti. Choa hutoa madoa ya mviringo ya kijivu, makavu, hasa kuzunguka macho ya ndama. Hauwashi sana na huisha wenyewe ndani ya miezi michache. Huo ni ukungu, na ivermectin haiufanyi lolote. Chawa huonekana kwa macho ukipanua nywele za shingo na mkia kwenye mwanga. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria wakati wa mvua hushikamanisha nywele vishungivishungi kama ncha za brashi. Ukivuta kishungu, kinatoka na ganda lake na chini unaona ngozi mbichi. Huo hutibiwa kwa antibiotiki. Na ugonjwa wa mapele ngozi huja ghafla, na homa, na uvimbe mgumu wa sentimita 2 hadi 5 mwili mzima, na tezi kuvimba. Ukiona hayo, usitibu kimya kimya: mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa.

Kuwashwa kukiwa kukali, upele ukiwa unasambaa kutoka mnyama hadi mnyama ndani ya wiki, na ngozi ikinenepa, uwezekano wa ukurutu ni mkubwa. Uhakika hutoka kwenye mkwaruzo wa ngozi. Chukua wembe mpya wa kupasulia, utie mafuta safi ya maji ya kula kidogo, kisha kwaruza pembeni mwa kidonda, pale ngozi nzima inapokutana na iliyoharibika. Katikati ya kidonda cha zamani wadudu wameshahama. Hapo ndipo watu wengi hukosea na kuletewa jibu la “hakuna kitu”. Kama unamtafuta Sarcoptes, kwaruza mpaka vitone vidogo vya damu vionekane. Kwa Chorioptes inatosha kukwangua magamba mengi ya juu. Chukua sehemu tatu kwa kila mnyama, weka kwenye kichupa chenye kifuniko kinachobana, andika namba ya ng'ombe na mahali ulipokwaruza.

Ukitaka kuchungulia nyumbani, weka magamba makavu ya mkiani juu ya karatasi nyeusi, uiache juani dakika chache, kisha tazama kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu. Chorioptes na Psoroptes huonekana kama vitone vyeupe vinavyotembea. Sarcoptes ni mdogo mno kwa njia hiyo. Naye hata maabara humkosa mara nyingi kwa kuwa wadudu wachache tu hutosha kuleta muwasho mkubwa. Dalili zikiwa wazi, jibu tupu lisikuzuie kutibu.

Sasa dozi. Ivermectin ya asilimia 1 huchomwa cc 1 kwa kila kilo 50 za uzito, yaani mikrogramu 200 kwa kilo. Cc 5 zinatosha ng'ombe wa kilo 250. Chotara aliyekwisha kuzaa huwa na kilo 350 hadi 450, kwa hiyo alihitaji cc 7 hadi 9. Dozi pungufu huua wadudu wadhaifu, muwasho unashuka, mfugaji anaridhika, waliobaki wanaendelea kutaga. Ndizo zile wiki mbili za nafuu ulizoziona.

Usikadirie uzito kwa macho. Tumia utepe maalumu wa kupimia ng'ombe, au futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mtamba mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa 125 anatoka na kilo 260 hivi. Dozi yake ni cc 5.2. Dawa hii ina nafasi ya kutosha ya usalama kwa ng'ombe, kwa hiyo ukiwa na shaka panda kidogo, usishuke.

Huchomwa chini ya ngozi, mbele au nyuma ya bega, kwa sindano fupi. Vuta ngozi kwa vidole iwe kama hema, ingiza sindano pembeni, sukuma taratibu. Ukiingiza kwenye nyama unamwumiza mnyama bure na dawa haitafanya kazi kwa mwendo uliokusudiwa. Kila ng'ombe na sindano yake. Dawa haiui mayai, ndiyo maana mnyama aliyeathirika sana huchomwa tena baada ya siku 14, mayai yakiwa yameanguliwa na watoto wake hawajafikia kutaga vya kutosha.

Kwa Chorioptes, hata dozi kamili ya sindano haimalizi kazi. Dawa husafiri ndani ya damu na majimaji ya mwili, lakini huyu mdudu anakula magamba makavu juu ya ngozi, kwa hiyo anaipata kidogo mno. Anahitaji dawa inayomgusa kwa nje.

Kuhusu maziwa sitakuwa mpole. Ivermectin hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Mabaki yake hukaa ndani ya maziwa kwa muda mrefu, na kuchemsha hakuyaondoi. Lebo za sindano hizi zinakataza kumchoma ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu. Maduka mengi huuza bila kuuliza swali hilo. Kama mlimchoma karibuni, usipeleke maziwa yake kwenye kituo wala kuwapa watoto mpaka daktari wa mifugo asome lebo ya chupa uliyotumia na kukupa tarehe. Ipo dawa ya jamii hiyo hiyo inayoitwa eprinomectin, ya kumwaga mgongoni, cc 1 kwa kila kilo 10, ambayo imeruhusiwa kwa ng'ombe wanaokamuliwa bila kumwaga maziwa. Inafaa kwa Sarcoptes na kwa Chorioptes pia. Ukiipata, na bei ikikuwezekania, ndiyo rahisi kuliko zote. Imwage kwenye mstari wa mgongo kuanzia mabegani hadi shina la mkia, si juu ya matope au maganda.

Usipoipata, tumia amitraz. Ile ya asilimia 12.5 inauzwa kama dawa ya kupe, na kipimo ni cc 40 katika lita 20 za maji. Pairethroidi unazopulizia kila wiki zinafanya kazi kwa kupe lakini kwa ukurutu ni dhaifu, hasa kwa yule aliye ndani ya ngozi. Kabla ya kubadilisha, soma lebo ya chupa yako uone kama ukurutu umetajwa na kwa kipimo gani; lebo ikitofautiana na maneno yangu, fuata lebo.

Kazi ya kupulizia ndiyo inayoharibika zaidi. Chagua siku ya jua, anza baada ya kukamua asubuhi, kama saa nne, ili wanyama wakauke kabla ya baridi ya jioni. Wanyweshe maji kwanza wasije wakalamba dawa kwa kiu. Siku moja kabla, sugua sehemu zenye maganda kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi ngumu, kwani dawa haipenyi ganda nene. Okota maganda yote yaliyodondoka uyachome moto.

Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 10 za dawa iliyochanganywa. Najua wengi huwalowesha watatu kwa pampu moja ya lita 20, na hapo hata kupe hawafi wote. Kwa kundi lako kadiria lita 45 hadi 50, yaani cc 90 hadi 100 za amitraz kwa mzunguko mmoja. Anza chini kupanda juu: miguu, kati ya kwato, tumbo, kinena, kiwele, chini ya mkia, shina la mkia, kisha mgongo, shingo na masikio. Usoni tumia kitambaa kilicholoweshwa, ukikwepa macho na mdomo. Pulizia kinyume na nywele zinavyolala ili ngozi ilowe. Nywele zikimeta na ngozi ikabaki kavu, umepoteza dawa. Mchanganyiko wa amitraz hudhoofika upesi, hasa maji yakiwa na matope au uchachu, kwa hiyo changanya kwa maji safi, utumie siku hiyo hiyo, kilichobaki usikiweke. Vaa glovu, buti na kitambaa puani, usivute sigara karibu na chupa. Kabla ya kukamua jioni, osha kiwele na chuchu vizuri.

Rudia baada ya siku 7 hadi 10, na mara ya tatu kwa wale wenye ngozi nene. Ratiba ya banda lako ningeipanga hivi: siku ya kwanza watano wote wapuliziwe, pamoja na ambao hawana hata kipele. Mtamba na dume, ambao Sarcoptes amewaingia sana, wachomwe pia ivermectin kwa uzito wao, na tena siku ya 14. Wanaokamuliwa wasichomwe. Mwenye mimba naye mpulizie tu. Ivermectin haidhuru mimba, lakini kwake hesabu inabana: amebakiza siku 70 hivi kuzaa, lebo nyingine zinakataza sindano ndani ya siku 60 kabla ya kuzaa, na dozi ya pili ingeangukia humo, maziwa ya kwanza yangekuwa na mabaki. Dume akiwa wa kuuzwa kwa nyama, hesabu siku za kusubiri kuanzia sindano ya mwisho. Bidhaa nyingi zinataja kati ya siku 28 na 49.

Usimwache hata mmoja. Anayeonekana mzima mara nyingi ana wadudu wachache wasioonyesha dalili, na yeye ndiye humrudishia mwenzake upele ukidhani dawa imeshindwa. Ivermectin yenyewe haiui siku ile ile. Mnyama aliyetibiwa anaweza kuambukiza kwa karibu wiki nzima. Kumtibu mmoja na kumrudisha miongoni mwa wenzake ni kumlipia nauli mdudu.

Banda nalo litibiwe. Utitiri aliyedondoka hufa ndani ya siku chache penye jua na ukavu, lakini kwenye baridi na unyevu kama wa Njombe wakati wa Juni hadi Agosti anaweza kuishi wiki mbili au tatu. Siku ya kwanza ya kupulizia toa matandiko yote, yachome au yafukie mbali na banda. Nguzo na mbao wanazojisugulia zisugue kisha zipulizie dawa ile ile, isipokuwa hori la chakula na la maji. Kamba, brashi na magunia vianikwe juani au vilowekwe. Punguza msongamano, toboa upande mmoja jua la asubuhi liingie, na uongeze chakula: ng'ombe aliyekonda ndiye anayelemewa zaidi, na msimu wa baridi malisho yenyewe huwa hafifu.

Oili chafu usipake. Ina metali nzito na masalia ya mafuta yaliyoungua, na ng'ombe hujilamba. Sumu inaingia mwilini na kwenye maziwa, ngozi inaungua. Muwasho hutulia kwa muda kwa sababu wadudu wa juu wamezibwa pumzi, aliye ndani ya kijia chake hajaguswa. Viuatilifu vya mahindi au viazi navyo viacheni shambani, vimeua ng'ombe kabla ya kuua upele.

Una punda? Usimpulizie amitraz kamwe, utumbo wake husimama kufanya kazi. Na mabaki ya ivermectin ya ng'ombe usimchome mbwa, kwani dozi ya ng'ombe ni kubwa kwake na mbwa wa koo fulani hufa kwayo.

Mkamuaji wako aende zahanati aonekane. Sarcoptes wa ng'ombe humwasha mtu mikononi, kifuani na mapajani, mahali panapogusa mnyama, lakini hawezi kujenga ukoo kwenye ngozi ya binadamu. Ng'ombe wakipona, vipele huisha ndani ya wiki mbili tatu. Avae mikono mirefu, afue nguo za kazi kwa maji ya moto. Lakini kama anawashwa zaidi usiku, katikati ya vidole, na walio naye nyumbani wanawashwa pia, huo ni upele wa watu, na unatibiwa kwa familia nzima. Kwa vyovyote asijipake amitraz.

Matokeo yatazamie kwa mpangilio huu: muwasho unapungua ndani ya wiki moja, magamba yanadondoka wiki ya pili na ya tatu, nywele zinarudi baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Ngozi nene iliyojikunja huchelewa kulainika, na hilo peke yake si ushahidi kwamba wadudu bado wapo. Ushahidi ni kujisugua upya na kidonda kinachopanuka pembeni. Ukiona hivyo wiki mbili baada ya dozi ya mwisho, usipandishe kipimo wala kuchanganya dawa mbili katika pampu moja. Kwaruza upya mtamba na yule wa kwanza, na peleka vichupa kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Iringa, pamoja na karatasi yenye jina la kila dawa uliyotumia, tarehe na kiasi. Ng'ombe yeyote mpya, au dume la kuazima la kupandia, akae peke yake wiki tatu na apuliziwe mara mbili kabla hajafungwa karibu na hawa watano.